Mkono wa Mheshimiwa

Mama yangu alikuwa akipiga pasi nguo za wanafunzi. Kama uliwahi kusoma chuo kile na ukasimama mbele ya walimu na shati lililonyooka, huenda ulivaa kazi ya mkono wake bila kumjua. Walimwita Mama Pasi. Jina lake la kweli walilijua wachache, na wengi walilisikia kwa mara ya kwanza siku ya kumzika.

Chumba chetu cha kazi kiliegemea ukuta wa chuo kwa nje, karibu na lango dogo la hosteli ya wavulana. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, kamba za kutundikia nguo, benchi la wateja, na jiko la mkaa pale mlangoni. Umeme wetu ulikuwa wa kuja na kuondoka, kwa hiyo pasi ya umeme ilikaa rafuni imetulia na pasi ya mkaa ndiyo iliyotulisha. Mama alianza na kola, akaja mabegani, akafuata mikono, kifua, na mgongo mwisho. Ukianza na mgongo, alisema, utaukunja tena ukifanya mengine. Kila nguo aliitia uzi mdogo wa rangi ndani ya kola ili isichanganyike na ya mwingine, na sijawahi kuona mtu akirudi kulalamika kwamba kapewa suruali isiyo yake.

Zamani alinyunyizia nguo maji kwa kinywa. Alijaza mashavu, akapuliza, na maji yakatua kwenye shati sawasawa, hakuna doa. Korona ilipoingia wanafunzi wakaanza kutazamana akifanya hivyo. Mama hakungoja kuambiwa. Alitoboa kifuniko cha chupa akaanza kunyunyizia na chupa. Nalikumbuka hilo kwa hasira, kwa sababu walioogopa mate yake ndio hao hao waliokuja kusema baadaye kwamba korona yenyewe haipo.

Kitu kingine cha kujua kuhusu mama ni simu. Kazi yake haikumwachia mkono: wa kulia umeshika pasi, wa kushoto unanyoosha kitambaa mbele yake. Simu ikiita, mimi au mteja yeyote aliye karibu aliipokea na kuiweka kwenye spika, pale mezani kando ya chupa ya maji, na mama akaongea nayo kwa sauti kubwa huku anaendelea na kola. Mambo yetu yote ya ukoo yalisikika hadharani. Wanafunzi walijua shangazi kanuniana na nani na mjomba kaumwa nini. Nilimwambia mara nyingi apunguze. Akanijibu kwamba hana siri ya kumsimamishia kazi.

Baba alifariki mdogo wangu akiwa bado anatambaa. Mimi ndiye mkubwa, basi nikaishia sekondari katikati, nikaja kushika pasi ya pili. Hakuna aliyenilazimisha. Mama alinitazama tu kwa namna fulani, nikaelewa. Mdogo wangu akaendelea, na kusema kweli alistahili, maana kichwa alikuwa nacho na mdomo alizaliwa nao. Jina la Mheshimiwa alilipata shule ya msingi, siku alipomweleza mwalimu mkuu, kwa adabu na kwa kirefu, kwa nini darasa zima lisichapwe. Darasa halikuchapwa. Tangu hapo hata mama alimwita Mheshimiwa mbele za watu. Akisema naye mwenyewe alimwita "baba."

Alipopata nafasi kwenye chuo kile kile tulichokiegemea, mama alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifunga kazi mchana kweupe, akavaa gauni lake zuri, akapita lango kubwa akiwa na mwanawe kana kwamba yeye ndiye anayeandikishwa. Miaka yote alikuwa amepiga pasi mashati ya watoto wa wenzake. Sasa shati la kwanza kila Jumatatu lilikuwa la mwanawe, na uzi wake ulikuwa mwekundu.

Chuo kilifungwa kwa korona, tukaonja njaa, kikafunguliwa. Wanafunzi wakarudi na nguo chafu na maneno mengi. Benchi letu likageuka kijiwe. Mmoja aliapa kwamba ndani ya chanjo mna kidude cha kukufuatilia popote uendapo. Mwingine alisema inafunga uzazi, wameamua kutupunguza. Wa tatu, tena anasoma sayansi, alisema ukichanjwa ukabandika kijiko mkononi kinanasa, yeye kaona video. Mimi niliyeishia njiani nilidhani wasomi watabishana. Hawakubishana. Walipokezana tu, kila mmoja akiongeza chumvi yake.

"Hebu niambieni," niliwauliza siku moja, "huyo anayewafuatilia anataka kujua nini? Kwamba umetoka hosteli ukaja kuchukua suruali?"

Wakacheka sana. "Dada, wewe huelewi," akaniambia yule wa sayansi, kwa upole kabisa, kama anamwonea huruma mtoto. "Kuna watu wanaendesha hii dunia. Soma uone."

Soma uone. Alichokuwa anasoma ni simu yake.

Kisha akaja msichana mmoja mbio, kashika mkono, machozi yanamtoka. Baba yake alikuwa amempeleka kuchanjwa kwa nguvu. "Mama Pasi, nisaidie," alisema. "Nibandike kitambaa cha moto hapa. Wanasema joto linaivuta dawa irudi nje kabla haijasambaa." Mama alikunja kitambaa mara nyingi, akakipasha kwa pasi, akakipima shavuni kwake kwanza, akambandika. Msichana akatoka jasho. Kitambaa kilipoondolewa kilikuwa kimelowa, na wote wawili wakakitazama wakaamini kwamba dawa ndiyo ile. Baada ya hapo wakaja wengine. Niligomba mpaka nikachoka. Mama hakuwa mjinga, naomba mtu asinielewe hivyo. Alikuwa mtu wa huruma aliyeombwa msaada na mtoto wa chuo, na kwake mtoto wa chuo anajua anachosema. Angewezaje kudhani vinginevyo, na mwanawe yuko humo humo?

Sasa, mama alikuwa na kisukari. Alikwenda kituo cha afya kupimwa, na nesi wa pale, mwanamke mwenye sauti kavu na roho nzuri, akamwambia wazi: "Mama, una sukari, na kutwa unapokea watu. Korona ikikupata wewe haitakuchekea. Chanja."

"Ngoja nimuulize mwanangu," mama akasema.

"Mwanao daktari?"

"Yuko chuo."

"Anasoma nini?"

"Biashara."

Nesi aliguna akanitazama mimi. Siku ile ile nikanyoosha mkono nikachanjwa, mbele ya mama, ili aone. Sikujua lolote kuhusu chanjo, wala sijifanyi najua. Nilimwamini tu yule nesi, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa hatafuti kura ya mtu wala kunishangaza. Mama alinichunguza siku zilizofuata kama nguo iliyorudishwa na mteja. Mchana mmoja nilisinzia kwenye benchi, nikashtuka kitu cha baridi kinanigusa. Mama kashika kijiko, ananibandika begani. Kikaanguka. Akakiokota, akakibandika tena, kikaanguka.

"Hiki labda si chuma kizuri," akasema, lakini nilimwona anacheka chini chini. Alikuwa anaanza kulegea. Nesi alikuwa amemlegeza, na mimi nimemlegeza. Lililobaki lilikuwa neno moja la mwanawe.

Mwanawe naye alikuwa na shughuli. Alikuwa anagombea urais wa serikali ya wanafunzi, na alikuwa ameshapata wimbo wa kuimba. Chuo kilikuwa kimewaomba wanafunzi wachanje, basi, hakikusema zaidi. Mheshimiwa akatia chumvi: kesho watawazuia mtihani, keshokutwa watawafukuza hosteli. Akasimama juu ya kiti kule bwaloni akanyanyua mkono: "Mkono wangu hauguswi!" Ukumbi mzima ukanyanyua mikono. Tuliusikia mlio ule kutoka kwenye chumba chetu, na mama akasimamisha pasi hewani asikilize.

"Huyo ni Mheshimiwa," akasema. Macho yalimjaa machozi ya furaha.

Alipokuja kuchukua shati la kampeni, mama alimuuliza, "Baba, na mimi nichanje au nisichanje? Nesi ananisumbua." Nilimkazia macho. Alikwepa macho yangu akasema, "Mama, subiri kwanza. Mambo bado yanachunguzwa." Basi mama akasubiri.

Jumapili moja alikuja kula na sisi. Baada ya chakula nikampa beseni la nguo zilizokwisha kufuliwa akaanike. Alilipokea kwa mkono mmoja, ule wa kushoto umening'inia. Nilikuwa nimebeba mkono wa namna ile mwenyewe, nikajua unauma wapi. Nikamfuata uani nikamfinya pale pale. Aliruka.

"Umechanja," nikasema.

Alitazama mlango. Mama alikuwa ndani anaosha vyombo. "Punguza sauti, dada."

"Umechanja, Mheshimiwa?"

"Kuna kampuni inanichukua mafunzo kwa vitendo. Hawampokei asiyechanja." Kisha akasema la kweli, na uso wake ukawa wa yule mtoto niliyembeba mgongoni: "Na pia niliogopa. Jamaa wa chumba cha jirani kafa, dada. Alikuwa mzima tu."

"Uliogopa."

"Ndiyo."

"Na mama je? Yeye asiogopewe?"

Nikamwambia aingie ndani sasa hivi amwambie. Akanishika mkono. "Mama hana siri. Simu yake iko kwenye spika kutwa, na wapiga kura wangu ndio wanaokaa kwenye benchi lake. Nikimwambia leo, jioni hosteli nzima inajua, na nimekwisha. Kura zikipita tu nitamwambia. Nitampeleka mwenyewe." Nikamwambia aape. Akaapa kwa kaburi la baba.

Wagonjwa wakaongezeka, chuo kikaahirisha kura. Kila nikimpigia alisema, "Bado kidogo, dada." Wanafunzi waliendelea kuja bila barakoa, wanakohoa juu ya mashati, na mama kainama katikati yao. Sikuweza tena. Nilimwambia mama mwenyewe, asubuhi, akiwa anapepea mkaa.

Kwanza alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Mheshimiwa anidanganye mimi?"

"Muulize."

"Namuuliza leo."

Alimuuliza wakati mbaya kuliko wote. Kesho yake wagombea walikuwa na mdahalo, na benchi lilijaa vijana wanaosubiri mashati. Nilimsihi asubiri waondoke. "Niwafukuze wateja kwa maneno yako?" akasema. Alikuwa amekasirika, na akikasirika alipiga pasi haraka zaidi. Akamwambia kijana wa karibu ampigie Mheshimiwa. Kijana akabonyeza, akaiweka simu mezani kwenye spika, kama siku zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Dada yako ananiambia umechanja."

Vijana wote wakageukia simu. Niliisikia pasi inavyoteleza kwenye kitambaa, kwa sababu mama hakuisimamisha. Pasi ya mkaa ukiisimamisha inaunguza. Nikasema moyoni, sema ndiyo, mdogo wangu. Sema ndiyo tu, hata kama utashindwa kura za dunia nzima.

Kijana mmoja pale kwenye benchi, mpenda mzaha, akapaza sauti: "Mheshimiwa, tupo hapa, tunakusikiliza!"

Kisha mdogo wangu akacheka, kile kicheko chake cha majukwaani. "Mama, dada anakutania. Mimi nichanje? Mkono wangu hauguswi!"

Benchi likalipuka kwa shangwe. Mmoja akapiga meza. Mama akatabasamu, akageuza shati upande wa pili. "Sasa mimi nifanyeje, baba?"

"Kaa hivyo hivyo, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Haya, baba."

Vijana walipoondoka na mashati yao, mama hakunitazama. "Humpendi mdogo wako," alisema. "Nilikutoa shule, unamlipiza yeye." Hilo lilinichoma, nami nikamjibu vibaya, tukamaliza siku tukiongea na pasi zetu.

Sikukata tamaa. Siku yake ya kupimwa sukari ilipofika nilimsindikiza, na tulipomaliza nikampitisha kwenye turubai la chanjo pale uani. Turubai lile lilikuwa wazi upande wa barabara, na ng'ambo ya barabara ndipo lilipokuwa duka la jirani yetu, Mama Duka, mwanamke mwenye pumu ambaye macho yake hayakukosa mpita njia. Nesi alitupokea vizuri. Mama akakaa. Akakunja mkono wa gauni, taratibu, mpaka begani. Nesi akageuka kuchukua pamba.

Mama akanitazama. "Unaniapia hukumsingizia mdogo wako?"

"Nakuapia, mama."

"Basi mmoja wenu ananidanganya," akasema. "Mwanangu mmoja ananidanganya, na sijui yupi." Akakunjua mkono wa gauni, akafunga kifungo, akasimama. Nesi alimsihi, mimi nikamsihi. Mama alisema atarudi siku atakapokaa na sisi wote wawili mezani na kutazama macho yetu. Jua lilikuwa kali na kizunguzungu kikamshika, kwa hiyo nikamwongoza kutoka pale nimemshika kiwiko. Mama Duka alitupungia mkono kutoka dukani. Alituona tukitoka chini ya turubai, basi, na kwa umbali ule hicho ndicho alichoona.

Nilimtumia Mheshimiwa ujumbe: njoo leo, mama anataka kutuona wote wawili. Akanijibu kwamba leo ana kikao, kesho ana mdahalo mwingine, wiki ijayo bila kukosa. Wiki hiyo iliyofuata kura zilipigwa. Alishinda kwa kishindo. Siku wanafunzi walipombeba mabegani kuzunguka chuo, mama alikuwa ameshaanza kukohoa.

Alikataa kulala. Alisema ni vumbi la mkaa. Alisema chai haina ladha, nimeacha kutia sukari, nami nilikuwa nimetia ile kidogo aliyoruhusiwa. Kisha nikasikia harufu. Nilipogeuka, shati la mteja lilikuwa linafuka moshi chini ya pasi na mama kaegemea meza, anavuta hewa kwa mabega. Alikuwa hajawahi kuunguza nguo ya mtu. Aliniambia, kwa pumzi fupi, nimwombe radhi mwenye shati.

Hospitali ilikuwa imefurika. Wakampa kitanda karibu na mlango na mtungi wa oksijeni. "Amechanja?" daktari akaniuliza. Mama akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Daktari aliandika tu. Alikuwa amechoka hata kugomba.

Waliniruhusu kukaa naye mchana, nimejifunga barakoa na aproni. Alikuwa hasemi, anavuta hewa tu. Mara akanivuta mkono niiname. Akasogeza ile barakoa ya oksijeni kidogo.

"Mwambie Mheshimiwa asije humu," alisema. "Atashikwa. Hajachanja yule."

Nilimrudishia barakoa mdomoni. Hata ningemwambia ukweli, asingeniamini. Nikatoka.

Mdogo wangu alikuwa langoni, kwenye kundi la watu waliozuiwa kuingia. Nilimweleza neno kwa neno, na la turubai pia. Alichuchumaa ukutani akalia, akalia kweli, kamasi zinamtoka mbele za watu. Na mimi, Mungu ananiona, nilimhurumia. Nikachuchumaa naye. "Sikiliza," nikasema. "Simu yake iko pale kitandani. Mpigie sasa hivi, mimi nitaishika. Mwambie umechanja. Aache kukuogopea, apumzike. Hakuna mwanafunzi yeyote kule ndani."

Akafuta uso. "Nitampigia, dada. Acha kwanza nipate nguvu."

Nikarudi ndani nikakaa na ile simu mkononi mchana wote. Jioni ikapita. Haikuita. Asubuhi mama akakata roho, nesi wa zamu akamfunika, akaenda kwa mgonjwa mwingine ambaye naye alikuwa anavuta hewa kwa mabega.

Tulimzika upesi, watu wachache, kama ilivyoamriwa. Lakini baada ya mazishi watu walikuja pale kwenye chumba cha kazi kutupa pole, na hakuna aliyeweza kuwazuia. Wanafunzi walikuja kwa makundi. Chuo kilituazima viti. Mheshimiwa alikaa mbele, kavaa shati jeupe nililolipiga pasi mimi, na kila aliyeingia alimwinamia yeye kwanza. Rais wao kafiwa. Mimi nilikuwa nagawa maji.

Nilianza kuona kwamba wanawake wakipokea maji hawanitazami. Nikisogea, mazungumzo yanakatika. Nilidhani ni huzuni. Kisha Mama Duka, aliyekuwa amekaa jirani kabisa na mdogo wangu, akavuta dawa yake ya pumu, akakohoa, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Baba, mimi si mtu wa kuficha maneno. Watu wanasema mama aliuawa na sindano. Mimi mwenyewe niliwaona wanatoka chini ya turubai, mama hajiwezi, kashikwa mkono. Na mimi nilishapanga kwenda Jumatatu, kwa hii pumu yangu. Hebu tuambie wewe uliyesoma. Ni kweli dada yako alimpeleka mama kwenye chanjo?"

Viti vyote vilikuwa vimemgeukia Mheshimiwa. Wale vijana wa benchi walikuwepo, na yule wa sayansi, na yule msichana wa kitambaa cha moto. Mdogo wangu akanitazama. Alijua kila kitu. Nilikuwa nimemsimulia mwenyewe pale langoni, jinsi mama alivyokunjua mkono wa gauni akafunga kifungo. Nikasimama na jagi langu nikamngoja.

"Alimpeleka," akasema.

Nikangoja amalizie. Aliinamisha kichwa, akajifuta macho, akaishia hapo. Lilikuwa neno la kweli, hakuna mtu angeweza kumkamata nalo. Watu wakashusha pumzi. Mwanamke mmoja akasema "Masikini." Mama Duka akatikisa kichwa, akamgeukia binti yake aliyekuwa nyuma. "Ile Jumatatu iache," akamwambia. "Hatuendi."

Hapo nikapiga kelele. Sikupanga. Nilisema mama hakuchanjwa, alikaa akakunja nguo akaikunjua. Nilisema aliyechanjwa ni huyu, huyu hapa aliyevaa shati jeupe, kachanjwa tangu kabla ya kura, akamnyima mama neno moja kwenye simu na nyinyi mkishangilia. Nilimwambia Mama Duka aende, aende leo, asingoje Jumatatu. Sijui nilisema nini kingine. Jagi lilikuwa limeshaanguka.

Wanawake walinizunguka. "Pole mwanangu, pole," walikuwa wanasema, "uchungu huo, ndiyo maana anasema hivyo, muacheni alie." Wakanishika mabega, wakataka nikae. Nilikuwa nawasukuma, nataka nimfikie Mama Duka, ambaye alikuwa ameshainuka anaelekea mlangoni na binti yake. Wakaona hawaniwezi, wakaita mwanamume asaidie. Mdogo wangu akaja. Akanishika mikono yote miwili kwa nyuma, kwa nguvu, akaweka mdomo wake karibu na sikio langu, akasema na yeye: "Pole, dada. Tulia. Pole."